Insha ya GED kwa Mswahili: ushahidi, kibodi na dakika 45

Wengi wanaofanya GED, mtihani wa Marekani wa cheti kinacholingana na cha sekondari, hufika kwenye insha wakidhani wanaulizwa maoni yao. Hawaulizwi. Wanawekewa vifungu viwili vinavyobishana juu ya jambo moja, na kazi yao ni ile ya mzee wa baraza: kusikiliza pande zote mbili, kisha kusema ni nani ameleta ushahidi wenye uzito na kwa nini. Kama moyo wako uko upande wa pili, unyamazishe. Unaruhusiwa kabisa kuandika kwamba hoja usiyoipenda ndiyo iliyothibitishwa vizuri zaidi, na mara nyingi hilo ndilo jibu rahisi kulitetea.

Insha imo ndani ya mtihani wa lugha uitwao Reasoning Through Language Arts, kwa kifupi RLA. Mtihani huo una dakika 150: sehemu ya kwanza 35, insha 45, mapumziko 10, kisha dakika 60 za maswali ya kusoma na sarufi. Alama ya kufaulu ni 145 kwenye kipimo cha 100 hadi 200. Alama za insha huchanganywa na za maswali mengine, kwa hiyo insha dhaifu haikuangushi peke yake. Ila ukiacha skrini tupu unajitwika mzigo mzito kwenye maswali yote yaliyobaki. Na ukianguka hurudii insha tu. Unarudia RLA nzima.

Lugha ya mtihani ni Kiingereza au Kihispania. Kiswahili hakimo, wala Kifaransa kwa walioko Marekani.

Kwanza jua mtihani wa jimbo lako

Marekani haina mtihani mmoja wa cheti cha kulingana na sekondari. Kuna majimbo ya GED, kuna ya HiSET, na kuna yanayokubali yote miwili. Kentucky, yenye Wakongomani wengi wanaosema Kiswahili, hutumia GED. Iowa na Maine zilihamia HiSET mwaka 2014. Uliza kituo cha elimu ya watu wazima cha mtaa wako kabla ya kununua kitabu chochote, kwa sababu insha za mitihani hii miwili zinafanana kwa sura tu.

Zote mbili hukupa vifungu viwili vinavyopingana. GED inataka upime hoja za waandishi na haitaki maoni yako. HiSET inataka maoni yako: uchague msimamo, uutetee kwa ushahidi wa vifungu pamoja na mifano ya maarifa au maisha yako, tena ujibu hoja za upande wa pili. Insha ya HiSET hupewa alama 1 hadi 6, na ukipata chini ya 2 huwezi kufaulu uandishi hata kama maswali ya kuchagua uliyajibu vizuri. Kwa hiyo mwanafunzi wa Iowa anayejifunza kwa video za GED anajizoeza kunyamaza pale anapotakiwa kusema. Kuanzia hapa tunazungumzia GED. Habari za kibodi, muda na makosa ya sarufi zinawafaa wote.

Angalia pia mwaka wa kitabu. Maktabani na kwenye masoko ya vitu vya mitumba bado kuna vitabu vya kabla ya 2014, wakati insha ilikuwa ya maoni binafsi. Vile vya 2014 na 2015 vina insha ya pili, ya somo la jamii, ambayo iliondolewa Machi 2016. Usipoteze wiki kwa kitu kisichokuwepo.

Kinachopewa alama

Kuna vigezo vitatu, kila kimoja alama 0 hadi 2, na jumla huzidishwa mara mbili kuwa 12. Cha kwanza ni hoja na ushahidi: umechagua upande, umetoa ushahidi kutoka kwenye vifungu, umeeleza kwa nini ushahidi huo una nguvu au hauna. Cha pili ni mpangilio: aya zinafuatana, mawazo yanaungana, lugha inafaa msomaji asiyekujua. Cha tatu ni Kiingereza chenyewe: mipaka ya sentensi, upatano wa kiima na kitenzi, herufi kubwa, alama za uakifishaji, maneno yanayochanganywa.

Hiki cha tatu ndicho kinachowatia watu hofu, na hofu yenyewe imezidi kiasi. Mwongozo wa kusahihisha unakubali waziwazi kwamba insha ya dakika 45 haitegemewi kuwa safi bila kosa, hata kwa anayepata alama zote. Anayesoma sarufi miezi sita bila kuandika insha hata moja anakuza theluthi moja ya alama na kuziacha theluthi mbili zilale. Usahihishaji wenyewe hufanywa na kompyuta, kwa hiyo usitegemee huruma ya mtu atakayebahatisha ulichokusudia. Kiandike.

Kibodi inaangusha wengi kuliko sarufi

Insha inayotosha ina maneno 300 hadi 500, yaani aya 4 hadi 7 zenye sentensi 3 hadi 7 kila moja. Sasa piga hesabu. Ukichapa maneno 10 kwa dakika, insha ya maneno 400 inakula dakika 40 na hujasoma hata mstari. Ukichapa 15, ni dakika 27. Ukifika 20, ni dakika 20, na hapo ndipo mtu anapata nafasi ya kufikiri. Lengo lako liwe 20.

Simu haikusaidii. Vidole gumba vilivyozoea WhatsApp, tena kwa simu inayomalizia maneno yenyewe, hupotea mbele ya kibodi ya mezani. Sanduku la insha halina kisahihishi cha tahajia. Halitapiga mstari mwekundu chini ya neno. Lina vitufe vya kukata, kunakili, kubandika na kurudisha ulichofuta, basi. Fanya mazoezi kwenye programu nyepesi ya maandishi iliyozimwa usahihishaji. Kompyuta za maktaba ya umma ni za bure.

Waliosoma Kongo au Burundi wana tatizo jingine ambalo vitabu vya Marekani havilitaji. Kama ulijifunza kuchapa kwenye kibodi ya Kifaransa, ya AZERTY, vidole vyako vinajua A mahali ambapo kibodi ya Marekani imeweka Q, na Z mahali pa W. M nayo imehamia mstari wa chini, na nukta haihitaji tena kubonyeza kitufe cha herufi kubwa. Mtu wa namna hii huchapa haraka na kukosea haraka. Dakika 15 kila siku kwa wiki tano au sita kwenye kibodi ya Marekani hurekebisha jambo hili. Saa tatu za Jumamosi peke yake hazirekebishi.

Jinsi ya kugawa dakika 45

Soma kwa dakika 10. Panga kwa 5. Andika kwa 25. Kagua kwa 5.

Kabla ya vifungu, soma swali lenyewe ili ujue ubishi unahusu nini. Kisha soma kifungu cha kwanza ukiandika pembeni kila ushahidi kwa neno moja au mawili, halafu cha pili vivyo hivyo. Kituoni utapewa ubao mdogo wa kufutika. Anayefanya mtihani nyumbani kwa intaneti hutumia ubao wa kwenye skrini, na karatasi hairuhusiwi. Gawa ubao safu mbili kwa mstari wa kusimama, kila upande na safu yake.

Ukimaliza kusoma, tazama safu. Ushahidi wenye nguvu huwa na sura chache zinazojulikana: takwimu yenye chanzo, maneno ya mtaalamu wa jambo hilohilo, mfano halisi unaoweza kuthibitishwa, na hoja inayotoka kwenye sababu kwenda kwenye matokeo bila kuruka. Udhaifu nao una sura zake. Mwandishi anachokoza hisia bila kuthibitisha. Anajumlisha kutokana na kisa cha jirani mmoja. Anasema “wataalamu wanakubaliana” bila kumtaja hata mmoja. Anatabiri maafa bila kuonyesha njia ya kuyafikia. Au ana faida yake katika jambo lenyewe na haisemi. Chagua upande wenye safu nzito. Usikae zaidi ya dakika moja katika kuchagua, maana vifungu hutungwa ili kila upande uweze kutetewa kwa kiasi fulani.

Aya kwa aya

Tuchukue mfano wa kubuni. Kifungu cha kwanza ni hotuba ya diwani anayetaka mabasi ya mji yawe bure. Anataja matokeo ya majaribio ya miezi sita na kumnukuu mhandisi wa usafiri. Cha pili ni barua ya mwenye duka anayepinga. Anasema kodi itapanda, na kwamba binamu yake katika mji mwingine aliona mabasi ya bure yakijaa wahuni.

Aya ya kwanza ina sentensi tatu tu: jambo linalobishaniwa, nani anasema nini, na hukumu yako pamoja na sababu. Kwa mfano: “Both passages discuss whether the city should make its buses free. The author of the first passage supports the plan, while the author of the second passage opposes it. The first argument is better supported because it uses the results of a trial and the words of an engineer.” Sentensi mbili za mwanzo unaweza kuzikariri kama kiunzi na kubadilisha jambo lenyewe. Ya tatu lazima itoke kwenye vifungu vya siku hiyo.

Aya ya pili na ya tatu huchukua ushahidi wa upande ulioushinda ubishi, mmoja kwa kila aya, na hapa ndipo alama nyingi zilipo. Kila ushahidi upite hatua tatu: utaje, unukuu maneno machache, ufafanue. Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka. Wanaandika kwamba diwani alitaja majaribio, kisha wanahamia kwa mhandisi, kana kwamba kutaja kunatosha. Msomaji bado anauliza: kwa nini majaribio yana uzito? Kwa sababu yalifanyika katika mji uleule, kwa miezi sita, na mtu yeyote anaweza kuyakagua. Ziandike sababu hizo, ukianza na “This evidence is strong because”. Kama aya haina neno “because” hata mara moja, ikague tena.

Aya ya nne inaingia upande wa pili na kuonyesha ulipolegea. Usimtukane mwenye duka wala kusema ana roho mbaya. Sema kwamba kisa cha binamu mmoja hakithibitishi hali ya mji mzima, na kwamba hakutoa hesabu yoyote ya kodi. Kama ana hoja moja nzuri, ikubali kwa sentensi moja, kisha eleza kwa nini haitoshi. Aya ya tano ni fupi, sentensi mbili au tatu, inarudia hukumu kwa maneno mengine.

Nukuu isizidi maneno kumi hivi kwa mara moja, na iwekwe ndani ya alama za kunukuu. Anayenakili sentensi nzima nzima ili kujaza skrini hafichi kitu: maandishi yaliyonakiliwa hayahesabiwi kuwa yako, na insha iliyojaa nakala tupu haipewi alama kabisa. Hali kadhalika insha isiyohusu vifungu, isiyosomeka, au iliyoandikwa kwa lugha nyingine.

Mambo mema ya shule za kwetu yanayoharibu insha hii

Aliyesoma Kenya au Tanzania alifundishwa kupamba insha: methali mwanzoni, tamathali katikati, mafunzo mwishoni. Hapa methali ni maneno yaliyokula muda. Aliyesoma kwa Kifaransa alifundishwa kuweka hoja, kisha kinyume chake, kisha kuzipatanisha. Mpangilio huo ni mzuri kwingine, lakini kwenye GED huishia kwa “pande zote mbili zina ukweli”, na hilo si jibu la swali. Hukumu iwe kwenye aya ya kwanza na isibadilike hadi mwisho.

Makosa ya sarufi yanayotoka kwenye Kiswahili yanajulikana na hayazidi kumi. Shughulikia haya kabla ya kitu kingine chochote.

La kwanza na lenye gharama kubwa ni sentensi ndefu iliyoungwa kwa mikato. Kiswahili huvumilia “alifika, akakaa, akaanza kusema”. Kiingereza hakivumilii sentensi mbili kamili kuunganishwa kwa mkato peke yake. Weka nukta, au ongeza “and”, “because”, “so”. Ukiwa na shaka, weka nukta. Sentensi fupi hazipunguzi alama zikiwa wazi.

La pili ni kurudia kiima. “Mwandishi anasema” ina kiambishi a- ndani ya kitenzi, basi mkono unaandika “The author he says”. Futa “he”. Vivyo hivyo “The evidence it shows”.

La tatu: “ingawa… lakini” ni Kiswahili safi, ila “Although… but” ndani ya sentensi moja ni kosa. Chagua moja.

La nne ni s ya nafsi ya tatu. “The author say” hutokea hata kwa watu wanaozungumza Kiingereza vizuri sana. Ukiandika daima kwa wakati uliopo, kitenzi chochote kinachofuata “author” au “passage” moja kitahitaji s. Kwa hiyo wakati wa kukagua tafuta neno “author” popote lilipo na tazama kitenzi cha baada yake.

La tano ni “he” na “she”, kwa kuwa Kiswahili kina yeye mmoja. Tiba yake si kukariri, ni kukwepa: andika “the author” au jina la ukoo kila mara. Itaonekana inajirudia, lakini haikosei.

Kisha “evidence” na “information” hazina wingi kwa Kiingereza, hakuna “evidences”. “Discuss” haichukui “about”. “A” na “the” zitakutesa kwa miaka kadhaa na hutazimaliza kabla ya mtihani. Hakikisha tu kwamba nomino ya umoja inayohesabika haisimami peke yake kama “author says”. Tofautisha “its” na “it’s”, “their” na “there”, “than” na “then”. Kwa waliotoka kwenye Kifaransa: majina ya siku, miezi, lugha na mataifa huanza kwa herufi kubwa, hakuna nafasi kabla ya nukta mbili au alama ya kuuliza, na “actually” haina maana ya “kwa sasa”.

Wiki nane

Wiki mbili za mwanzo usiandike insha. Chapa kila siku dakika 15, na kila siku ya pili soma vifungu viwili vinavyopingana ukijaza safu mbili za ushahidi bila kuandika zaidi. Tovuti rasmi ya GED ina mifano, na barua za wasomaji magazetini zinafaa pia. Wiki ya tatu na ya nne andika insha moja kwa wiki bila saa, ukikazania hatua ya kufafanua. Kuanzia ya tano andika mbili kwa wiki, ukitega saa ya dakika 45 na kusimama ikilia hata kama uko katikati ya neno.

Kujisahihisha kuna njia isiyohitaji mwalimu. Pitia aya za kati na uweke herufi U mbele ya kila sentensi iliyoleta ushahidi na F mbele ya kila iliyofafanua. Aya yenye U tatu mfululizo bila F ni muhtasari wa kifungu, bado haijawa hoja. Kisha zungushia duara kila kosa la sarufi na uyahesabu kwa aina. Aina iliyoongoza ndiyo zoezi la wiki ijayo, moja tu.

Wiki ya saba lipia GED Ready, mtihani rasmi wa majaribio. Anayetaka kufanya mtihani nyumbani ni lazima apate matokeo ya kijani, yaani ya anayeelekea kufaulu, katika siku 60 za karibuni. Wa kituoni halazimishwi, lakini matokeo ya njano, yaani ya aliye ukingoni, yanamwambia asubiri. Hakikisha pia jina lililo kwenye akaunti yako linalingana na kitambulisho. Wenye majina matatu, au ambao hati zao za ukimbizi zilipindua mpangilio wa majina, warekebishe hili mapema; mlangoni hakuna wa kukusikiliza.

Muda wa ziada hutolewa kwa mwenye ulemavu au maradhi yaliyothibitishwa kwa hati za kitaalamu. Kutokijua Kiingereza vizuri peke yake si sababu.

Dakika tano za kukagua

Usisome insha yote kutoka juu kutafuta kila kitu kwa pamoja. Jicho litaona ulichokusudia badala ya ulichoandika. Pita mara ya kwanza ukitafuta nukta na herufi kubwa za mwanzo wa sentensi. Pita mara ya pili kwenye kila “author” na kitenzi chake. Kisha rudi kwenye aya ya kwanza uone kama hukumu bado inafanana na ulichokithibitisha, kwa sababu kuna wanaobadili mawazo kwenye aya ya tatu bila kujitambua. Ikiwa umebadilika na zimebaki dakika mbili, badilisha sentensi ya tatu ya aya ya kwanza na uguse aya ya mwisho. Za katikati ziache kama zilivyo.